Nyumba Haipimwi kwa Picha ya Pasipoti

Wadau, hapa Durban nyumba nyingi zimekaa mteremkoni. Aprili 2022 mafuriko na maporomoko ya udongo yaliua watu zaidi ya 400 KwaZulu-Natal. Sasa jamani, serikali inampa mnunuzi wa nyumba ya kwanza ruzuku ya First Home Finance, halafu benki inaweza kuithamini nyumba kwa kompyuta tu, bila mtu kufika! Marekani, mkopo wenye bima ya serikali ya FHA unadai picha za nyumba pande zote, barabara, hadi darini. Mimi nesi, sipimi mgonjwa kwa picha ya pasipoti. Penye pesa ya umma, mthamini afike, apige picha ukuta wa nyuma na kilima, na mnunuzi azione kabla ya kusaini deni la miaka 20. Nawasilisha.