Daftari la Wiki: Kimethibitiwa?

Jumatatu asubuhi nilinunua gazeti, nikasoma kwamba kipindupindu "kimethibitiwa" katika kata mbili. Nikairudia sentensi mara tatu. Kama mwandishi alikusudia kimethibitishwa, basi vipimo vimetoka na ugonjwa upo: chemsheni maji. Kama alikusudia kimedhibitiwa, ugonjwa umeshikwa, hauenei tena. Mama mwenye mtoto na ndoo ya maji afuate lipi? Nilisoma hadi mwisho nikitafuta idadi ya wagonjwa, angalau inisaidie kuelewa. Haikuwamo.

*

Zamani neno hilo lingenaswa kwenye prufu. Wasomaji prufu walikaa wawili wawili: mmoja akisoma nakala ya mwandishi kwa sauti, mwenzake akifuata prufu kwa rula, mstari kwa mstari, kalamu nyekundu mkononi. Niliwahi kukaa nao usiku mmoja. Walibishana dakika kumi juu ya "thamani" na "dhamana" katika habari ya mahakamani, na ukurasa ukasubiri. Fedha za matangazo zilipopungua, meza yao iliondolewa mapema, maana kazi yao ikifanyika vizuri haionekani. Siku hizi mwandishi anatuma habari kwa simu akiwa bado mkutanoni. Kompyuta ya ofisini imewekwa Kiingereza, inapiga mstari mwekundu chini ya kila neno la Kiswahili. Baada ya wiki moja hakuna anayeujali.

*

Mitindo ibadilike, sina ugomvi nayo. "Ndugu" iliyotangulia majina enzi za chama kimoja imeondoka kwenye habari. Serikali inaandika Dkt, magazeti mengi ya Dar es Salaam yanaandika Dk. Ofisa, afisa: kila gazeti lichague, mradi lisichanganye yote mawili katika aya moja.

"Ndiyo" na "ndio" ni jambo jingine. Nyumba ndiyo iliyoungua, watu ndio waliookolewa. Hapo hakuna cha kuchagua. Ni upatanisho wa kisarufi, na mwalimu wa darasa la sita anaufundisha huku gazeti likiuvunja.

*

Ijumaa nilimpigia simu mhariri wa gazeti lile. Alinisikiliza kwa adabu, akashukuru. Jioni nikafungua habari mtandaoni: kimedhibitiwa. Nilifurahi, kisha nikatafuta mstari wa kuwaambia waliosoma Jumatatu kwamba palikuwa na kosa. Haukuwapo. Nakala ya karatasi niliikuta kwa muuza maandazi, imekatwa vipande vya kufungia, neno likiwa vilevile.