Daftari la Wiki: Wikio, Beni na Masufuria ya Msiba

Apitaye vichochoro vya Lamu akainua macho huona, juu ya njia yenyewe, chumba kilichounganisha nyumba mbili toka ghorofa hata ghorofa, na wenyeji hukiita wikio. Kwa ada ya waungwana wa mji ule, baba mwenye uwezo alimjengea binti yake nyumba, na mume ndiye aliyehamia kwa mkewe. Basi mabinti wakizidi, baba alipandisha ghorofa au akajenga ng'ambo ya njia, na wikio likawawezesha mama, wana na wajukuu kuzuriana pasi na kushuka njiani. Naistahi sana ada hii, kwani ilimpa mwanamke milki yake, wala ndoa haikumtenga na mamake.

*

Lamu iliunganisha watu kwa nyumba; Mombasa watu walijumuika kwa jina la asili. Katika Thenashara Taifa, yaani mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa mji huo, wamo Wapate, Wafaza na Wamtwapa, ambao majina yao yashuhudia kwamba walihamia kisiwani; wakawa watu wa Mvita, ndiyo Mombasa, na mataifa yote yakagawanyika, Tisa Taifa kwa tamimu wao, yaani mkuu wao, na Tatu Taifa kwa tamimu wao, na majina ya kwao hawakuyatupa.

*

Lakini asiye na taifa mjini, mtu wa bara aliyeletwa na vita au na kazi ya mshahara, alikuwa na nani? Hapo ndipo nionapo hekima ya beni, ngoma iliyozuka pwani mwishoni mwa karne ya 19, yenye tarumbeta na gwaride la kiaskari, ambayo vita vya 1914 hadi 1918 viliieneza hata bara ya mbali pamoja na askari na wapagazi. Vyama viwili vya beni, Marini na Arinoti, vilikuwa mahasimu: wanachama walishindana kwa mavazi, kwa nyimbo na kwa karamu, wakajitawazia wafalme na majemadari, na watazamaji wakavutwa na fahari ile, serikali za kikoloni zikaitilia shaka. Mimi nalitukuza jambo jingine: Marini aliyefika mji asikojua mtu alikwenda kwa Marini wenziwe, wakampokea, akiugua walimwuguza, na akifa walimzika kwa heshima, naye huko kazini labda alikuwa mpishi au kuli tu, asiyeulizwa hata jina la babake.

*

Unguja, mwaka 1905, vijana waliounganishwa na mapenzi ya udi, kanuni na fidla waliunda chama cha muziki wakakiita Ikhwani Safaa, jina lililokwisha kubebwa na jamaa ya wanafalsafa wa Basra katika karne ya 10. Chama kingali hai.

*

Siku hizi kazi ya kuzikana imo mikononi mwa akina mama wa mitaani, wenye vyama vyao, daftari la michango, mikeka, sahani na masufuria makubwa yanayozunguka nyumba hata nyumba kila penye msiba. Nami nayatazama majumba marefu yanayoinuka Dar es Salaam, nikaingiwa na wasiwasi wa dhati: mtu akifiwa ghorofa ya 8, turubai litafungwa wapi, na wali wa wafiwa utapikwa wapi? Nawasihi wachora ramani waweke, chini ya kila jengo, baraza pana na mahali pa meko, na wenye majengo wasipageuze duka.