ALIYEUAWA ASIGEUZWE MSHTAKIWA



Zipo dhambi zitendwazo kwa bastola, na zipo zitendwazo kwa kalamu. Za bastola hulaaniwa na kila mtu. Za kalamu hupita kimya, na mara nyingi wenye kuzitenda hawazihesabu kuwa dhambi. Katika kurasa hizi twataka kusema juu ya hizo za pili. Tunachukua mauaji yaliyotokea Ujerumani kati ya mwaka 2000 na 2007, kwa kuwa yamechunguzwa mahakamani na bungeni, na kwa kuwa yanaonyesha wazi jinsi vyombo vya habari vinavyoweza kumsitiri muuaji huku vikimchafua marehemu.

1. Yaliyotokea

Tarehe 9 Septemba 2000, Enver Şimşek, muuza maua mwenye asili ya Uturuki, alipigwa risasi akiwa kazini kando ya barabara mjini Nürnberg. Alifariki siku mbili baadaye. Hadi Aprili 2006 wanaume wengine wanane walikuwa wameuawa kwa bastola ile ile, katika miji ya Nürnberg, Hamburg, München, Rostock, Dortmund na Kassel. Wanane kati ya hao tisa walikuwa na asili ya Uturuki, na mmoja alikuwa Mgiriki. Miongoni mwao walikuwamo fundi cherehani, wauza mboga, fundi wa funguo, mwenye kioski, na kijana wa miaka 21 aliyekuwa na duka la intaneti. Tarehe 9 Juni 2004 bomu lililojazwa misumari lililipuka katika mtaa wa Keupstraße mjini Köln, wenye maduka mengi ya Waturuki, likajeruhi watu 22. Aprili 2007 askari polisi wa kike aliuawa mjini Heilbronn.

Waliotenda hayo walikuwa Wanazi mamboleo kutoka mji wa Jena, waliojificha tangu mwaka 1998. Walijiita kwa Kijerumani jina lenye maana ya Unazi wa mafichoni, na kwa kifupi NSU. Lakini jambo hilo halikujulikana hadi Novemba 2011.

2. Yaliyoandikwa

Je, katika miaka hiyo yote magazeti yaliandika nini? Yaliandika juu ya mafia, dawa za kulevya, madeni na visasi vya Waturuki wao kwa wao. Yakavumisha msemo "mauaji ya döner", yaani mauaji ya nyama ile ya kuchoma inayouzwa vibandani. Hebu tupime uzito wa msemo huo. Kati ya watu tisa, wawili tu waliuawa kwenye vibanda vya döner. Hata wangekuwa wote tisa, ni nani aliyewahi kumwita marehemu kwa jina la chakula alichouza? Mtu aliyekuwa baba, mume na mwana aligeuzwa kitoweo. Baada ya ukweli kujulikana, jopo la wanaisimu wa Kijerumani liliuteua msemo huo kuwa neno ovu la mwaka 2011. Walifanya vema, lakini marehemu walikwisha kuzikwa pamoja na jina hilo.

Polisi nao waliwahoji wajane na yatima kana kwamba ndio watuhumiwa. Mjane wa Enver Şimşek aliambiwa kwamba mumewe alikuwa na mwanamke mwingine, akaonyeshwa hata picha. Ulikuwa uongo, mtego wa wapelelezi. Siku moja baada ya bomu la Köln, Waziri wa Mambo ya Ndani, Otto Schily, alisema kwamba dalili hazikuelekea kwenye ugaidi bali kwenye mazingira ya uhalifu. Vyombo vya habari vikayabeba maneno hayo, na wenye maduka ya Keupstraße wakaishi miaka saba chini ya shaka.

Tunaambiwa kwamba hakuna aliyeweza kujua. La hasha! Mwezi Mei 2006 jamaa za marehemu na maelfu ya watu waliandamana mjini Kassel, wakidai kwamba pasiwepo mtu wa kumi. Wafiwa waliona kilichowaunganisha marehemu wao. Vyumba vya habari havikuona, kwa maana havikuwauliza wafiwa kama mashahidi, viliwatazama kama washukiwa. Na hatimaye ukweli haukufumbuliwa na mwandishi yeyote. Wawili kati ya wahalifu walipokufa Novemba 2011 baada ya kupora benki, mwenzao wa tatu alituma kanda za kujigamba, nyingine zikiwa zimeelekezwa kwa vyombo vya habari vyenyewe. Wauaji ndio waliowaletea wahariri habari ambayo wahariri hawakuitafuta.

Hata kesi ilipofika, mazoea hayakufa upesi. Viti vya waandishi katika mahakama ya München vilipogawiwa mwaka 2013, hakuna chombo cha habari cha Kituruki kilichopata kiti cha uhakika, hata Mahakama ya Katiba ikalazimika kuingilia kati. Siku ya kwanza magazeti mengi yakaeleza suti na nywele za mshtakiwa mkuu, Beate Zschäpe, ambaye mwaka 2018 alihukumiwa kifungo cha maisha. Wasomaji walijua alivyovaa kuliko alivyoamini.

3. Ukiona vyaelea, vimeundwa

Muuaji akiwa mgeni, husemwa kwamba dini yake au kabila lake ndilo lililoua. Muuaji akiwa mwenyeji, husemwa kwamba ni mpweke, ni mgonjwa, ni kichaa. Tarehe 22 Julai 2011 Mnorwei mmoja aliua watu 77 mjini Oslo na katika kisiwa cha Utøya. Katika saa za kwanza wachambuzi wa nchi nyingi waliwanyoshea Waislamu kidole. Alipojulikana, hoja ikahamia kwenye wazimu. Mwaka 2012 mahakama ya Oslo iliamua kwamba alikuwa na akili timamu. Maandishi yake ya kurasa zaidi ya 1,500 hayakuwa ndoto za mgonjwa, kwa kuwa sehemu kubwa aliinakili kutoka kwa waandishi wengine walio huru, wenye wasomaji wao. Naye alidai kuitetea Ulaya ya Kikristo. Hapo sisi Wakristo hatuna ruhusa ya kunyamaza, kwa kuwa jina la Kristo lilifanywa vazi la muuaji.

Wale wa Jena nao walifundwa. Walikuwa vijana wakati ule Ujerumani ilipobishana juu ya waomba hifadhi. Septemba 1991 jarida la Der Spiegel lilichora jaladani merikebu iliyofurika watu, likaandika juu ya maskini wanaovamia. Mwezi huo huo wageni walishambuliwa mjini Hoyerswerda. Agosti 1992, mjini Rostock, jengo walimoishi Wavietnam lilichomwa moto huku majirani wakipiga makofi. Tarehe 26 Mei 1993 Bunge lilipunguza haki ya hifadhi katika Katiba. Siku tatu baadaye wanawake na wasichana watano wa familia moja ya Kituruki waliteketezwa nyumbani mwao mjini Solingen. Kijana wa Jena alijifunza nini? Alijifunza kwamba mgeni ni mafuriko, na kwamba anayechoma moto husikilizwa. Wala waliouawa hawakuwa Waturuki peke yao: Juni 2000 Alberto Adriano, ndugu yetu kutoka Msumbiji, alipigwa na Wanazi mamboleo katika bustani ya mji wa Dessau hata akafa.

Hatusemi kwamba mchora jalada ni muuaji. Twasema kwamba muuaji hakuitunga lugha yake mwenyewe, bali aliikuta imekwisha kutengenezwa na watu wenye heshima.

4. Majibu kwa wapingao

Wapo watakaosema kwamba magazeti yalifuata tu maneno ya polisi. Lakini kama kazi ya gazeti ni kurudia maneno ya polisi, ubao wa matangazo wa kituo cha polisi ungetosha.

Wapo pia watakaosema kwamba kuieleza itikadi ni kuitangaza. Hoja hii ina uzito. Baada ya Waislamu 51 kuuawa mjini Christchurch, Machi 2019, Waziri Mkuu wa New Zealand, Jacinda Ardern, aliapa kutolitamka jina la muuaji, nasi twamsifu. Lakini kumnyima mtu umaarufu si sawa na kuficha mafundisho yaliyomlea. Daktari hamsifu mgonjwa kwa kuutaja ugonjwa. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

5. Na sisi je?

Asiwepo wa kusema kwamba haya ni ya Wazungu. Eneo letu limeonja matunda ya mti huo huo. Redio RTLM na gazeti Kangura ziliwaita binadamu mende kabla ya mapanga kuinuliwa nchini Rwanda mwaka 1994, na mwaka 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani watu watatu kwa kazi yao katika vyombo hivyo. Nasi wenyewe, mtu akiuawa mtaani, swali letu la kwanza huwa lipi? Je, twauliza ni nani aliyemuua, au twauliza alikuwa wa kabila gani, wa dini gani, na alifanya nini hata akauawa? Anayeuliza hivyo amekwisha kuanza kutoa ushahidi wa uongo dhidi ya jirani yake.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo wayachukue maswali haya manne kila habari ya mauaji inaposomwa au kusikika:

(a) Je, marehemu ametajwa kwa jina na kazi yake, au kwa kabila na dini yake tu?

(b) Je, wafiwa wamesikilizwa, au wamehojiwa tu?

(c) Je, imani ya muuaji imechunguzwa, au amepewa jina la kichaa na shauri likafungwa?

(d) Je, ni maneno yapi ya wakubwa, ya wahariri na ya kwetu sisi yaliyotangulia risasi?

Habari isiyoweza kujibu maswali hayo isipokelewe kama kweli, wala isipelekwe kwa mwingine. Kiongozi na amwandikie mhariri, awe wa gazeti au wa redio, kwa heshima na bila woga. Wafiwa wa Kassel waliomba jambo dogo mno: kuaminiwa. Kwa miaka mitano na nusu walinyimwa hata hilo. Tusiwanyime walio jirani nasi.