Gari la kukodi kwa miezi mitatu: Mwanya wa bima unaowatishia wakazi wa Nyeri

KILA Desemba inapokaribia, miji ya Nyeri, Karatina, Othaya na Nanyuki hupokea wageni ambao kwa hakika si wageni. Ni wana na mabinti wa maeneo hayo wanaorejea kutoka Marekani, Uingereza, Canada na nchi za Ghuba, baadhi kwa majuma mawili, wengine kwa miezi mitatu au minne.

Wa majuma mawili hana shida kubwa. Hupokewa na jamaa katika Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta, huzungushwa kwa gari la ndugu, na hurudi alikotoka kabla ya shule kufunguliwa.

Wa miezi mitatu ndiye mwenye kitendawili. Huyu amekuja kumuuguza mzazi, kusimamia ujenzi wa nyumba au kufuatilia kesi ya urithi wa shamba mahakamani. Hahitaji gari la harusi wala la kujionyesha kanisani Jumapili. Anahitaji gari la kumpeleka mama kliniki Jumatatu, kubeba saruji Jumanne na kumfikisha kwa wakili Jumatano.

Matatu zipo, na safari ya kutoka Nairobi, takriban kilomita 150, imekuwa nyepesi zaidi tangu kazi ya kupanua barabara ya Kenol–Sagana–Marua ilipoanza kuzaa matunda. Lakini matatu humfikisha mtu mjini. Hazimfikishi kwenye miteremko ya Mukurwe-ini wala katika mashamba ya chai ya Othaya mvua ya Aprili inapogeuza njia kuwa utelezi. Treni ya abiria iliyofufuliwa mwishoni mwa 2020 kati ya Nairobi na Nanyuki nayo ina kituo chake na siku zake. Mgonjwa hangoji ratiba.

Hivyo basi, gari la kukodi si anasa kwa mtu huyu. Swali ni analikodi vipi, kwa nani, na nani atalipa mambo yakienda mrama.

Njia tatu, kila moja na gharama yake

Kuna wanaowaza kuagiza gari kutoka ng'ambo. Wazo hilo hufa mapema. Kenya hairuhusu gari lililopita miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza, na ushuru wake si wa kuchezewa. Nafuu ya ushuru iliyomo katika sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 imewekewa mkazi anayerejea nyumbani moja kwa moja na gari alilokuwa akilimiliki na kulitumia huko, si anayekuja kutembea. Isitoshe, meli huenda ikatia nanga Mombasa mwenyewe akiwa anafunga mizigo kurudi.

Njia ya pili ni kununua gari lililotumika hapa nchini na kuliuza wakati wa kuondoka. Kwa hesabu ya karatasi, njia hii huvutia. Chukua mfano wa gari linalokodishwa kwa Sh4,000 kwa siku: siku 90 ni Sh360,000. Hata mwenye gari akilegeza na kudai Sh75,000 kwa mwezi, jumla ni Sh225,000. Anayenunua gari la Sh900,000 na kuliuza kwa Sh780,000 amepoteza Sh120,000 pekee, ukiongeza bima, matengenezo na ada za kuhamisha umiliki.

Lakini hesabu hiyo imesahau jambo moja. Mtu mwenye tiketi ya ndege mfukoni hauzi, hutupa. Madalali wa magari wanaijua tarehe yake ya kusafiri kuliko yeye mwenyewe, nao huisubiri. Wengi hushindwa kuuza, wakamwachia ndugu gari, na mwaka unaofuata hukuta vyuma juu ya mawe.

Ndiyo maana wengi huishia kwenye njia ya tatu, ya kukodi. Na hapo ndipo penye jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha.

Soko la kuaminiana

Kampuni zilizosajiliwa za kukodisha magari zipo Nyeri na Nanyuki. Hata hivyo, sehemu kubwa ya magari yanayokodishwa kwa miezi si yao. Ni ya walimu, wauguzi, wafanyakazi wa kaunti na wafanyabiashara wadogo walionunua gari kwa mkopo wa benki au wa chama cha ushirika, kisha wakagundua kuwa gari linalokaa maegeshoni mchana kutwa linaweza kulipa mkopo wake lenyewe.

Hakuna ubaya katika fikra hiyo. Ni akili ya biashara ileile iliyoinua soko la Karatina. Anayetoka ng'ambo naye hupata bei nafuu, na fedha hubaki kijijini. Benki Kuu ya Kenya ilirekodi kuwa Wakenya walio ughaibuni walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 4.9 katika 2024. Mtumaji anapokuja mwenyewe, sehemu ya fedha hizo humfuata, na mwenye gari ni miongoni mwa wanaozipokea.

Tatizo ni namna mapatano yanavyofanywa. Simu hupigwa na binamu, bei hukubaliwa kwenye mkahawa, malipo hutumwa kwa M-Pesa, ufunguo hukabidhiwa. Mara nyingi hakuna karatasi yoyote isipokuwa nakala ya kitambulisho. Kwa kukodi kwa siku mbili za harusi, mtindo huo huenda ukapita salama. Kwa siku 90, anayekodi anaishi na gari kama mwenyewe, ilhali hana ulinzi wowote alionao mwenyewe.

Bima inayofunika barabara isiyo hii

Sheria ya bima ya magari, Sura ya 405 ya sheria za Kenya, inamlazimu kila anayetumia gari barabarani, au anayemruhusu mwingine kulitumia, awe na bima ya kumlinda mtu wa tatu. Karibu kila gari linalokodishwa Nyeri lina bima hiyo. Polisi akilisimamisha Kiganjo au Chaka, ataridhika.

Lakini bima zina madaraja. Bima ya gari la binafsi hutolewa kwa matumizi ya nyumbani na ya starehe za mwenyewe, na kwa kawaida huondoa waziwazi matumizi ya kukodisha kwa malipo. Gari la kukodisha lina daraja lake, na malipo yake ni ya juu zaidi kwa sababu hatari yake ni kubwa zaidi. Mwenye gari anayelipia daraja la binafsi na kukodisha ameokoa fedha mwanzoni, lakini ameuziwa ulinzi wa safari ambayo gari lake halifanyi.

Ajali ikitokea, mchunguzi wa kampuni ya bima huuliza swali moja jepesi: nani alikuwa akiendesha, na kwa sababu gani? Rekodi za malipo ya simu hujibu zenyewe. Kampuni inaweza kukataa kulitengeneza gari. Kuhusu madai ya mtu wa tatu, sheria inaipa pia nafasi ya kuomba mahakama itamke kuwa haiwajibiki, ikionyesha kuwa ilifichwa jambo la msingi wakati bima ilipochukuliwa.

Mtu wa tatu ni nani? Katika lugha ya sheria ni neno kavu. Katika barabara ya Nyeri kwenda Othaya ni mwendesha bodaboda, ni mama aliyebeba majani chai, ni mwanafunzi anayerudi nyumbani jioni. Yeye hakuwapo mkahawani bei ilipokubaliwa na hakupokea hata shilingi. Ndiye anayevunjika mguu, na ndiye anayeweza kuambiwa kuwa bima haimhusu.

Mwenye gari naye hana pa kukimbilia. Sheria ya trafiki inamhesabu aliyesajiliwa kuwa ndiye mwenye gari hadi ithibitishwe vinginevyo, na jina lake ndilo litakaloandikwa kwanza katika hati ya madai. Aliyejeruhiwa ana muda wa miaka mitatu kufungua kesi ya fidia. Kwa hivyo, ajali ya Januari inaweza kuzaa barua ya wakili miezi 30 baadaye, wakati aliyekuwa akiendesha amesharejea kazini Massachusetts au Manchester na kubadilisha nambari ya simu.

Huenda mwenye gari akaishawishi mahakama kuwa aliyeendesha hakuwa wakala wake, bali mtu aliyekodi kwa shughuli zake. Lakini atahitaji ushahidi, na ushahidi wenyewe ni ile karatasi ambayo haikuandikwa kwa sababu binamu alisema hakuna haja.

Kwa aliyenunua kwa mkopo kuna mkuki wa pili. Taasisi nyingi za mikopo husajili gari kwa jina lao na la mkopaji kwa pamoja, na hudai bima kamili hadi deni liishe. Bima ikikataa kulipa, gari limekwenda na deni limebaki. Mwalimu atalipa kwa miaka chuma kilicholala katika uwanja wa kituo cha polisi.

Lawama si za upande mmoja

Wenye magari wana malalamiko yao pia, na ni ya haki. Visa vya magari kukodiwa kisha kuwekwa rehani kwa wakopeshaji, kung'olewa vifaa vya kufuatilia mienendo yake au kuvushwa mpaka vimeripotiwa mara nyingi nchini. Ndiyo sababu wengi hufunga mitambo inayoweza kuzima injini kwa simu, na wengine hudai pasipoti ya mteja kama amana.

Hatua hizo hulinda chuma, hazilindi watu. Mtambo wa kufuatilia gari hautamlipia hospitali aliyegongwa. Na pasipoti ni mali ya serikali iliyoitoa. Mtu hapaswi kuiacha kwenye droo ya mgeni kwa miezi mitatu.

Anayekodi naye hujidanganya kwa njia yake. Wapo waliozaliwa Tetu na kusomea Nyeri ambao leseni zao za Kenya zilikwisha muda miaka 10 iliyopita, na huamini kuwa kuzijua kona zote za barabara kunatosha. Leseni isiyo halali ni sababu nyingine ya kampuni ya bima kukunja mikono. Hilo ni jambo la kumalizwa kabla ya kuwasha injini, si mbele ya kizuizi cha polisi.

Funzo kutoka Nanyuki

Kwamba jambo hili linaweza kufanywa vizuri, ushahidi upo kilomita 60 hivi kaskazini mwa Nyeri. Nanyuki ni mji uliozoea wageni wa miezi. Wapo watafiti wa wanyamapori wanaofanya kazi katika maeneo ya Laikipia, wafanyakazi wa mashirika ya uhifadhi, na wanajeshi wa Uingereza ambao wamekuwa wakifanya mazoezi nchini tangu miaka ya mwanzo ya uhuru. Mkataba mpya wa ulinzi kati ya nchi hizo mbili ulitiwa saini 2021 na kuidhinishwa na Bunge la Kenya 2023.

Taasisi kubwa inapokodi gari kwa miezi, haianzi na bei. Idara yake ya ununuzi hudai cheti cha bima ya daraja linalofaa, nakala ya hati ya umiliki, ratiba ya matengenezo na mkataba unaosema nani atalipa nini. Mwenye gari asiye na karatasi hizo hakosi gari, hukosa kazi. Ndipo huzitafuta.

Tofauti, basi, haiko kwenye magari wala kwenye uaminifu wa watu. Iko kwa mteja. Taasisi huuliza, mwana aliyerejea nyumbani huona haya kuuliza, kwa kuwa mwenye gari ni rafiki wa kaka yake na kudai karatasi kunaonekana kama kumshuku.

Yanayohitajika

Dawa si kupiga marufuku biashara hii. Marufuku ingewaumiza wenye gari moja na kuwaachia soko wachache wenye mtaji, huku wengine wakiendelea kukodisha gizani.

Kwanza, anayekodi aombe kuonyeshwa cheti cha bima na masharti yake, kisha aulize kampuni iliyokitoa kama gari hilo laweza kukodishwa na kuendeshwa na mtu mwingine. Aidha, afanye upekuzi wa nambari ya gari katika mfumo wa mamlaka ya usafiri, NTSA, kwa ada ndogo, ajue kama anayempa ufunguo ndiye mwenyewe.

Pili, paandikwe mkataba hata wa ukurasa mmoja: tarehe, hali ya gari na picha zake, umbali uliosomwa, atakayelipia matengenezo, anwani ya mteja nyumbani na ng'ambo, na utaratibu wa kutoa taarifa ajali ikitokea. Kwa kukodi kwa miezi, gari likaguliwe na wote wawili kila mwezi.

Tatu, kampuni za bima zina fursa ambayo hazijaitumia ipasavyo. Mwenye gari moja anayelikodisha miezi mitatu kwa mwaka hukwepa kulipia daraja la biashara la miezi 12. Akiuziwa bima inayopanda daraja kwa kipindi cha kukodisha pekee na kushuka baadaye, wengi wangeacha kujificha. Vyama vya ushirika vilivyowakopesha fedha za kununulia magari vingekuwa mahali pazuri pa kuanzia, kwa kuwa navyo vina cha kupoteza.

Desemba nyingine itakuja, na magari yatakabidhiwa tena kwa tabasamu na kushikana mikono. Desturi hiyo ni njema na haifai kufa. Lakini mali bila daftari huisha bila habari, na safari hii kinachoweza kuisha ni mguu wa mpita njia ambaye hakuulizwa chochote.