Mguu Unaowaka Moto Usiachiwe Kuchagua Kiatu

Mkulima wa mpunga wa Ndungu, mwalimu mstaafu wa Suji na mfanyabiashara wa Hedaru wanapofika zahanati kwa ajili ya miguu, huweza kueleza jambo lile lile kwa maneno yanayofanana. Mchana nyayo huwa nzito, kana kwamba zimefungwa vitambaa. Usiku huwaka moto, huchoma kama sindano, na hata uzito wa shuka hauvumiliki. Kuna anayeinuka usiku wa manane na kusimama juu ya sakafu ya saruji ili apate ubaridi. Mara nyingi mtu huyo amekwisha kuambiwa kuwa ana kisukari. Na mara nyingi pia huondoka na ushauri mmoja mfupi, wa jirani au wa mhudumu wa afya: "Mzee, achana na hizo ndala, tafuta raba za kukimbilia."

Ushauri huo una hekima, lakini ni nusu ya ushauri. Mgonjwa akiupokea kama ulivyo, ataingia sokoni, atajaribu jozi mbili tatu, na atanunua ile ambayo mguu wake umeikubali. Hapo ndipo hatari ilipo. Mguu ulioharibika mishipa ya fahamu hauwezi kuaminiwa kuchagua kiatu chake. Kiatu hicho sharti kichaguliwe kwa karatasi, kwa jicho na kwa mkono. Na kazi ya mhudumu wa afya ni kuhakikisha kwamba hivyo ndivyo kinavyochaguliwa.

Sababu yake ni hii. Sukari ikikaa juu katika damu kwa miaka, huharibu mishipa ya fahamu, na ile mirefu kuliko yote, inayofika vidoleni mwa miguu, ndiyo huanza kuumia. Mshipa ulioumia hufanya mambo mawili yanayoonekana kupingana. Hutuma ubongoni habari za moto ambao haupo, na hushindwa kutuma habari za msumari ambao upo. Kwa hiyo mtu yule yule anayelia usiku kwa maumivu anaweza kutembea kutwa nzima na kijiwe ndani ya kiatu bila kukihisi. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Katika ugonjwa huu, hata aliyekilalia hawajui. Na mguu uliopungukiwa hisi hupenda kiatu kinachobana, kwa kuwa kiatu kilicholegea vizuri huuona kama haupo ndani ya kitu chochote.

Wapo wanaosema kuwa wazee wa zamani walipanda na kushuka Milima ya Upare bila viatu wala malalamiko, na kwamba mguu wenyewe unajua unachokitaka. Kwa mguu mzima, usemi huo una ukweli. Mwaka 1960, mjini Roma, Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki akiwa peku, baada ya kuona kwamba viatu alivyopewa havikumkaa vizuri. Miguu yake ilivikataa, naye akaisikiliza. Na kwa kuwa mishipa yake ya fahamu ilikuwa salama, alifanya vyema kuisikiliza. Mgonjwa wa kisukari aliyepoteza hisi hana shahidi wa aina hiyo. Kiatu ambacho kingemkera Bikila kabla ya kuanza mbio kinaweza kumchubua mgonjwa huyu kutwa nzima, na habari za kwanza zikawa doa la damu kwenye soksi.

Ni vema kueleza raba za kukimbilia zinaweza nini na haziwezi nini. Soli yake nene ya povu huusambaza uzito wa mwili juu ya wayo wote, badala ya kuuacha uelemee kisigino na mafundo ya chini ya vidole. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1995 ulionesha kuwa viatu vya kukimbilia hupunguza mgandamizo kwenye nyayo za watu wenye kisukari, vikilinganishwa na viatu vya ngozi vyenye soli ngumu. Mgandamizo ukipungua, sugu hupungua, uchovu wa nyayo hupungua, na wagonjwa wengi hupata nafuu ya maumivu wanapotembea. Lakini raba haiponyi mshipa wa fahamu, wala haizimi moto wa usiku ambao chanzo chake kiko ndani.

Kwa hiyo kiatu hakichukui nafasi ya uchunguzi. Si kila mguu unaowaka moto una kisukari. Ukoma bado upo nchini, nao huharibu mishipa ya fahamu. Dawa ya kifua kikuu iitwayo isoniazidi inaweza kuleta ganzi ikitumiwa bila vitamini B6. Metformini, ikitumiwa kwa miaka mingi, inaweza kupunguza vitamini B12 mwilini. Virusi vya UKIMWI na unywaji mwingi wa pombe vimo pia katika orodha hiyo. Vidonge vya kawaida vya maumivu, kama diklofenaki, havina msaada mkubwa kwa maumivu ya mishipa ya fahamu, na vinaweza kuumiza figo ambazo kisukari kimekwisha kuzidhoofisha. Zipo dawa zinazofaa zaidi, kama amitriptilini, ambazo daktari huzipanga kwa kipimo na kwa hadhari.

Chanzo kikishatafutwa na sukari ikishaanza kudhibitiwa, ndipo suala la kiatu hupata mahali pake. Njia ya kukichagua haihitaji mashine. Mgonjwa na aende sokoni jioni, kwa kuwa miguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda. Kabla ya hapo, akiwa nyumbani, asimame juu ya karatasi, na mtu mwingine achore mzingo wa kila mguu. Michoro hiyo ikatwe na iingizwe ndani ya kiatu. Karatasi ikijikunja pembeni, kiatu ni chembamba, hata kama mguu unadai kuwa kinatosha. Mbele ya kidole kirefu kuliko vyote ibaki nafasi ya sentimita 1 hadi 2, ambayo ni kama upana wa kidole gumba cha mkono. Sehemu ya vidole iwe pana na yenye kimo, ili kucha zisiguse juu. Kisigino kishikwe vizuri na kisichezecheze. Kiatu kikikunjwa kwa mikono, kipinde pale vidole vinapoanzia. Kikipinda katikati kama ndala, hakifai. Gidamu au mkanda wa kunata ni bora kuliko kiatu cha kutumbukiza mguu tu, kwa sababu huweza kulegezwa mguu unapovimba.

Wakazi wengi wa Same hununua mitumba, iwe mjini Same kwenyewe au katika soko la Memorial mjini Moshi. Hakuna aibu wala kosa katika hilo, mradi mnunuzi ajue kuwa povu la soli hufa mapema kuliko kitambaa. Raba inaweza kung'aa kwa nje huku soli yake ikiwa imekauka kama ubao. Soli na ibonyezwe kwa kidole gumba: iliyo hai hubonyea na kurudi, iliyokufa hukataa, au hubaki na kishimo. Kiatu kiwekwe juu ya meza na kitazamwe kwa nyuma. Kikiegemea upande mmoja, mvaaji wa kwanza amekwisha kukipa mwendo wake, nacho kitaupotosha mguu wa mvaaji wa pili. Soli ya ndani itolewe na kubadilishwa ikiwa ina alama za nyayo za mtu mwingine. Kisha mkono upite ndani taratibu, mpaka kwenye ncha, kutafuta mshono uliotuna, kitambaa kilichokunjamana au kitu kinachochoma. Kazi hii ya mwisho haiishii sokoni. Irudiwe kila asubuhi kabla ya kuvaa, maisha yote.

Mandhari ya Same nayo ina masharti yake. Anayeshuka kutoka Mbaga au Chome kuja tambarare huteremka kwa muda mrefu, na katika kila hatua mguu huteleza mbele ndani ya kiatu. Kiatu kinachoonekana kutosha kwenye sakafu ya duka hugonga vidole mteremkoni. Kucha huwa nyeusi, na mwenye kisukari hana habari. Ndiyo maana ile nafasi ya mbele si anasa, na ndiyo maana gidamu hukazwa vizuri juu ya wayo kabla ya kuteremka. Huku chini, kuelekea Makanya na Hedaru, adui ni mwiba wa mgunga na ardhi iliyochomwa na jua la saa saba. Mwiba huo hupenya ndala kwa urahisi, na unaweza kupenya povu la raba pia. Katambuga za matairi huuzuia mwiba, lakini hazina ulaini, na zile zilizopigiliwa misumari ni hatari kubwa kwa mguu usiohisi.

Njia ya kati ipo, na haikubuniwa jana. Waliowahudumia wagonjwa wa ukoma katika karne iliyopita, akiwamo daktari Paul Brand nchini India, walitambua kuwa vidonda vya nyayo havikusababishwa na ukoma kuila nyama, bali na mguu uliotembea bila kuhisi. Viatu walivyowatengenezea wagonjwa vilikuwa na mpira laini juu, na katika maeneo mengi mpira wa tairi ukawekwa chini. Fundi viatu yeyote hodari wa Same anaweza kubandika tabaka jembamba la mpira mgumu chini ya raba yenye povu hai, kwa gundi na uzi, bila msumari hata mmoja. Jozi hiyo iwe ya shambani na njiani. Nyingine, hata kama ni ya mtumba wa bei nafuu, iwe ya nyumbani. Maana mtu aliyepoteza hisi hapaswi kutembea peku hata ndani ya nyumba yake. Na huko juu milimani kwenye baridi, asiote moto kwa kuelekeza nyayo jikoni, wala asizitumbukize katika maji ya moto yenye chumvi kwa matumaini ya kutuliza ganzi. Soksi za pamba zisizobana, za rangi nyeupe ili damu ionekane, zitamfaa zaidi.

Yapo mapingamizi yanayostahili kusikilizwa. La kwanza ni la heshima. Mzee wa kanisa au wa msikiti anaweza kuona kuwa raba ni viatu vya vijana, na kwamba kuingia ibadani au kikaoni akiwa amezivaa ni kujishushia hadhi. Jambo hili si la kuchekwa. Raba nyeusi isiyo na michoro huzungumza lugha ya heshima vya kutosha, na familia ndiyo inayoweza kuliondoa jambo hilo: mtoto anayemnunulia baba yake viatu vya ngozi vilivyochongoka kwa ajili ya sikukuu angemfaa zaidi kwa kumpelekea raba pana, iliyopimwa kwa karatasi. Pingamizi la pili ni la fedha, nalo ni zito zaidi. Lakini kidonda cha wayo kinachohitaji kusafishwa kwa miezi, nauli za kwenda na kurudi Moshi, na mwishowe mguu uliokatwa wa mtu aliyekuwa akilisha nyumba, ni gharama ambazo hakuna jozi ya viatu inayoweza kuzifikia.

Ndiyo maana lawama isiishie kwa mgonjwa. Kliniki ya kisukari inayopima sukari na shinikizo la damu, kisha ikamruhusu mgonjwa aondoke na viatu vyake miguuni, haijamaliza kazi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Dkt. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam na wenzake waliendesha mradi wa kuwafundisha madaktari na wauguzi wa mikoa mbalimbali ya Tanzania kutunza miguu ya wagonjwa wa kisukari. Msingi wa mafunzo hayo haukuwa vifaa vya gharama, bali mazoea ya kuitazama miguu.

Mazoea hayo yanawezekana hata katika zahanati ndogo kabisa. Pasipo na uzi wa nailoni wa kupimia hisi, kidole cha mhudumu kinatosha. Mgonjwa hufumba macho. Mhudumu humgusa kwa wepesi, kwa sekunde moja au mbili, kwenye ncha ya kidole gumba, cha katikati na kidogo cha kila mguu. Mgonjwa husema anapohisi. Asipohisi mahali pawili au zaidi kati ya sita, mguu huo uko hatarini. Baada ya hapo viatu vitazamwe kama inavyotazamwa kadi ya kliniki: upana wake, soli yake, ndani yake. Mgonjwa afundishwe kuwa kiatu kipya kivaliwe saa moja siku ya kwanza, kisha kivuliwe na mguu uchunguzwe. Kwa kuwa wekundu hauonekani kwa urahisi kwenye ngozi nyeusi, joto litafutwe kwa mgongo wa mkono.

Wapo pia ambao raba ya sokoni haiwafai: mwenye kidonda, aliyekatwa kidole, mwenye mguu uliopinda, na hasa mwenye mguu mmoja uliovimba na kupata joto ghafla hata kama hauumi. Hawa wapelekwe hospitali bila kungoja. Moshi, katika hospitali ya KCMC, kipo chuo cha TATCOT, ambacho tangu mwaka 1981 kimekuwa kikifundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa tiba vya miguu kwa ajili ya Tanzania na nchi nyingine za Afrika. Ujuzi wa kutengeneza kiatu cha mguu ulioharibika uko zaidi kidogo ya kilomita 100 kutoka Same. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kuutambua mguu huo mapema na kuandika rufaa.

Yote haya huanza kwa maneno machache, ambayo kila mhudumu anaweza kuyasema kesho asubuhi: "Shikamoo mzee. Naomba uvue viatu, niitazame miguu yako, kisha nivitazame na viatu vyenyewe."