Nduthi ya mtumba haigeuki mpya kwa kuoshwa

Wasee, tuambiane ukweli. Umenunua Boxer ya mtumba leo, kesho ushaweka stika, taa za rangi na ekzosi ya kelele. Breki je? Hujui. Na jioni uko Thika Road, umebeba mtu.

Halafu ukianguka tunaita bahati mbaya. Bahati gani?

Muuzaji amekuapia injini haijawahi kufunguliwa. Sawa, lakini kiapo hakisimamishi nduthi kwa mteremko. Angalia tairi ubavuni, tafuta zile nambari nne za tarehe. Ukiona 2317, ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2017. Inaweza kukaa nzima kwa macho na mpira umekauka kitambo. Shika cheni: ikilegea sana itaruka meno ya sproketi, ikikazwa sana inakula beringi. Mwaga oili ya zamani, weka mpya, andika kilomita. Mita inaweza kurudishwa nyuma, kwa hivyo anza hesabu yako mwenyewe.

Na logibuku? Kama NTSA bado inajua jina la mwenye wa kwanza, hiyo nduthi si yako.

Kisha tafuta uwanja mtupu, ufunge breki mara ishirini, ya mbele na ya nyuma, mpaka ujue inasimamia wapi.

Najua utasema umeendesha miaka. Ni kweli buda, lakini uliendesha zingine. Hii bado hamjajuana. Stika zitangoja.