KONA YA MICHEZO: Kocha asiyefoka

Baadhi yenu mna jamaa waliohamia Marekani, na kwenye simu wanawasimulia mpira wa huko. Eti unaitwa futuboli, kumbe unabebwa mikononi! Ni kweli. Kila upande una watu 11, mpira wenyewe umechongoka huku na huku, na timu inapewa nafasi nne za kusogea mbele yadi 10, yaani kama mita 9. Ikishindwa, wenzao wanachukua mpira. Hayo yanatosha. Leo tunataka kumzungumzia mtu, siyo sheria.

Mtu huyo ni Tony Dungy, Mmarekani mweusi, aliyezaliwa 1955 huko Jackson, jimbo la Michigan. Chuoni yeye ndiye aliyeongoza mashambulizi na kurusha mpira. Mwaka 1977 timu za kulipwa zilipochagua vijana kutoka vyuoni, hakuna iliyomtaja. Pittsburgh ikamchukua hivyo hivyo, lakini ikamrudisha nyuma kwenye ulinzi. Akakubali, na akachukua nao ubingwa wa msimu wa 1978.

Mwaka 1981, akiwa na miaka 25 tu, akawa kocha msaidizi. Ukocha mkuu sasa, hapo ndipo palipokuwa na kazi. Tangu miaka ya 1920 hadi 1989 ligi ile haikuwa na kocha mkuu mweusi hata mmoja, ingawa wachezaji weusi walikuja kuwa tele. Dungy aliitwa kuhojiwa mara kadhaa, akarudi mikono mitupu. Tena wapo waliosema ni mpole mno. Si unajua, kocha wa mpira ule anategemewa afoke, atukane, hata alale ofisini. Yeye hakufoka, na wasaidizi wake aliwaambia wamalize kazi warudi nyumbani kwa wake na watoto wao. (Akina baba, hapo someni mara mbili.)

Mwaka 1996 ndipo Tampa Bay wakampa timu. Timu yenyewe ilikuwa ya kuchekwa: tangu 1983 haikuwa imemaliza msimu ikiwa imeshinda mechi nyingi kuliko ilizopoteza. Mechi tano za kwanza Dungy akafungwa zote. Baada ya mechi tisa alikuwa ameshinda moja tu! Hakubadilisha sauti. Msimu uliofuata wakashinda 10 kati ya 16, na ulinzi wao ukawa ukuta. Ila kombe halikuja, na Januari 2002 wakamfukuza.

Hapa ndipo panapouma. Januari 2003, mwaka mmoja tu baadaye, Tampa Bay wakatwaa ubingwa kwa 48-21 chini ya kocha mwingine, Jon Gruden, wakiutegemea sana ulinzi ule ule aliousuka Dungy. Gruden naye alifanya kazi yake, tusimnyime haki. Lakini kwa wasomaji wetu hatuna haja ya kueleza maana ya kupanda shamba, ukaondoka, na mahindi yakavunwa na mwingine.

Dungy wakati huo alikuwa Indianapolis. Januari 2007, katika nusu fainali, New England waliwatangulia 21-3. Watu wakaanza kukata tamaa. Mwisho wa mechi ikawa Indianapolis 38, New England 34. Fainali ikachezwa tarehe 4 Februari 2007 Miami, mvua inanyesha, na Chicago wakafunga pale pale mpira ulipoanza. Hata hivyo Indianapolis wakashinda 29-17, na Dungy akawa kocha mkuu mweusi wa kwanza kutwaa Super Bowl.

Na kocha wa Chicago siku ile alikuwa nani? Lovie Smith, mweusi pia, ambaye Dungy mwenyewe alimchukua kuwa msaidizi wake Tampa Bay mwaka 1996, wakati ule wa kufungwa kila wiki. Kwa hiyo yeyote kati yao angeshinda, historia ingeandikwa.

Dungy aliacha ukocha Januari 2009, na 2016 akaingizwa katika jumba la heshima la mpira huo huko Canton, Ohio.

Vijana mliotuuliza juu ya mpira wa kikapu, hatujawasahau. Mwezi ujao, Mungu akipenda.